Ringi ya Kanisa

"Mumeo ameniulia mume," alisema Loisi.

"Mumeo yuko ndani anapumua," Roda alimjibu. "Nimemsikia akikohoa sasa hivi. Tangu lini maiti ikakohoa, Mama Aida?"

"Anapumua, ndiyo. Lakini maji hanywi. Nimempelekea uji, amefumba mdomo. Ananiambia, mke wangu, mfu hanywi uji, wape wageni waliotoka mbali. Maneno hayo kafundishwa na nani kama si nyundo ya mumeo?"

Walikuwa wamesimama pande mbili za ua wa mabua, Roda na unga mpaka viwikoni, Loisi na majivu ya jana bado yamemganda usoni, machozi yameyachora mistari. Asubuhi ilikuwa ya baridi, ile baridi ya Tunduma inayomfanya mtu aongee huku akitoa moshi mdomoni, lakini watu walikuwa wameshatoka. Tunduma ya miaka ile, baada ya vita vya Hitla, ilikuwa safu ya nyumba kando ya barabara kuu, duka moja la Mhindi, kizuizi cha forodha na kanisa la nyasi. Watu walikuwa wachache, ila masikio yalikuwa mengi. Wanawake waliokuwa wakienda kisimani walitua mitungi kupumzika, na mitungi yenyewe haikuwa na tone la maji.

Roda alisema mume wake hakumpigia mtu kengele, alikuwa anapima chuma. Loisi akauliza chuma gani kinapimwa kwa mlio wa msiba. Roda akasema aulizwe Mzee Lwitiko wa kanisa, maana yeye ndiye aliyetoa ruhusa. Loisi akasema ruhusa ya kuchukua kengele si ruhusa ya kuipiga. Hapo Roda alikosa neno, na kwa Roda kukosa neno lilikuwa jambo la kusimuliwa kisimani mpaka watu wachoke.

Mambo yenyewe, ukweli usemwe, yalianza kwa wema.

Ezron, mume wa Loisi, alikuwa amelala na kichomi. Ubavu ulikuwa ukimchoma hata akivuta pumzi ndogo, na dawa zote za mizizi alizochemshiwa zilikuwa zimeishia kumtoa jasho tu. Kila mtu alijua pa kumpeleka: Mbozi Mission, kwenye sindano. Lakini Mbozi Mission si jirani, na gari lililokuwa tayari kumchukua mgonjwa lilikuwa moja tu, lori la Watson dereva. Lilikuwa lori la jeshi lililobaki baada ya vita, rangi yake ya majani imebabuka kama ngozi ya mtu mwenye upele, na Watson alilivusha kutoka upande wa Rhodesia kwa majigambo mengi. Sasa lilikuwa limekaa juu ya mawe nyuma ya nyumba ya Kefa. Ringi yake ya nyuma, chuma cha kuvishia tairi, ilikuwa imepasuka kwenye matundu ya nati, ufa umetoka tundu hili umeingia lile.

Kefa, mume wa Roda, ndiye aliyekuwa fundi. Ufundi aliupata katika karakana ya jeshi, na alirudi nao nyumbani pamoja na koti moja na ukali mmoja: hafungi kifaa cha mtumba mpaka akipime. Alikuwa ametafuta ringi ya kufanana na ile kila mahali alikoweza kukumbuka. Siku moja, akiwa amekaa ibadani na mawazo yake yako kwenye lori, macho yakapanda mpaka kwenye tawi la msuku nje ya mlango, mahali kengele ya kanisa ilipotundikwa. Kengele hiyo haikuwa kengele. Ilikuwa ringi ya lori la namna ile ile, yenye matundu sita.

Mzee Lwitiko hakukataa. Alimwuliza Kefa kama itarudi, akaambiwa itarudi. Akasema kwa ajili ya Ezron aichukue, ila siku ya kuirudisha asiilete na grisi. Wala hakuna aliyekwenda kumwambia Loisi. Kefa hakutaka kumpa mke wa mgonjwa matumaini juu ya chuma ambacho hakijapimwa.

Basi akaifunga kwa kamba, akaining'iniza kwenye boriti ya kibanda chake, akachukua nyundo. Ringi nzima hulia, yenye ufa huguna kama chungu kibovu. Hata mwanamke anayenunua chungu sokoni hukigonga kwanza kwa kidole. Kefa aligonga mara moja, akainama na sikio lake karibu na chuma, akangoja mpaka mlio uishe kabisa. Akaizungusha kidogo. Akagonga tena mara moja, akangoja. Akazungusha. Ndivyo fundi anavyotafuta ufa, na Kefa alikuwa mtu wa kutafuta mpaka mwisho.

Kengele ya kanisa ilikuwa na milio miwili tu, na Tunduma nzima iliijua. Haraka haraka: njooni ibadani. Mara moja, kimya mpaka mlio uishe, mara moja tena: kuna aliyekufa.

Sikio la Kefa lilikuwa limejaa chuma, kwa hiyo vilio vya kwanza kutoka mtoni hakuvisikia. Aliyevisikia ni Watson, aliyekuwa amesinzia ndani ya lori. Aliamka, akavua kofia yake ya Kopabelti, huko kwenye migodi ya shaba, akaiweka kifuani.

"Nani amekufa?" Kefa alimwuliza, baada ya vilio kumfikia naye.

"Sijui," alisema Watson. "Lakini kengele imepigwa."

Wakatazamana. Kisha wote wawili wakaitazama nyundo.

Loisi alikuwa mtoni akifua shuka za mgonjwa. Mwanamke mwenye mgonjwa mahututi hasubiri kuulizia kengele imempigia nani. Aliziacha shuka zikachukuliwa na maji, akapanda mlima akilia jina la mumewe, akapita kwenye jiko la mtu wa kwanza akachota majivu akajipaka usoni na kifuani, na wanawake wakamfuata wakilia nyuma yake. Hata ng'ambo, upande wa Nakonde, mlio ulifika. Kasiani, kaka yake Ezron, alikunja mikeka, akabeba unga, akavuka mpaka na watu wake wakilia njia nzima, na askari wa forodha akawainulia mti wa kizuizi bila kuuliza karatasi.

Loisi aliposukuma mlango, Ezron alikuwa amelala chali, macho yako wazi.

"Usilie sana, mke wangu," alimwambia. "Nimeisikia."

Kwa maana Ezron ndiye aliyekuwa mpiga kengele wa kanisa. Tangu ringi ile itundikwe, hakuna mkono mwingine ulioigusa. Ameipiga kwa wazee, kwa watoto wachanga, kwa mama yake mwenyewe. Sasa imelia mlio wa msiba na yeye yuko kitandani. Kama yeye hakuipiga, basi imepigwa kwa ajili yake, na ndiyo sababu ya kutafutwa mkono mwingine. Halafu mkewe anaingia na majivu usoni. Walimwambia ni Kefa fundi, alikuwa anajaribu chuma. Akatabasamu kidogo, akasema kila aliyekufa huambiwa hivyo hivyo asije akaogopa njia. Tangu hapo hakupitisha kitu mdomoni.

Waombolezaji wa Nakonde walijikuta hawajui wakae vipi. Mikeka ilikuwa imetandikwa, lakini aliyetandikiwa alikuwa anakohoa ndani. Wengine walikaa kama watu wa msiba, mikono mashavuni. Wengine walisimama kama watu waliokuja kuona mgonjwa. Kuondoka hawakuweza, maana unga wa msiba haurudishwi nyumbani, na kuupika ilikuwa kama kumsukuma mgonjwa kaburini. Wakabaki. Vigoda vilipopungua waliazima kwa Roda. Vyungu navyo waliazima kwa Roda, kwa kuwa nyumba yake ndiyo iliyokuwa karibu, na hakuna aliyeona haya kunywa kwenye chungu cha nyumba anayoiita ya mwuaji.

Kisimani, Roda alipofika, wanawake walimpisha. Si kwa heshima. Walirudi nyuma wakashika nguo zao zisimguse, na rafiki yake wa siku nyingi, ambaye juzi tu alikuwa amekaa jikoni kwake akicheka mpaka anajishika mbavu, alijifanya anatoa jani kwenye mtungi. Roda aliteka maji yake, akajitwika, akawaambia haya, kwaherini, akaenda. Alilia alipofika mahali hakuna mtu.

Kefa alikwenda kwa Ezron kuomba radhi. Kasiani alimzuia mlangoni. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ya taratibu, na neno la heshima la kwao, "mukwai", kila baada ya maneno mawili, hata akikutukana utadhani anakusalimu.

"Kaa hapo, mukwai," alimwambia Kefa, akimwonyesha ardhi.

Kefa akakaa chini. Mbele yake, mzee mmoja wa ng'ambo alikuwa amekalia kigoda cha Kefa mwenyewe.

Aliwaeleza yote tangu mwanzo. Akasema ringi imepimwa na ni nzima, wamruhusu aifunge sasa hivi, na kabla ya jua kupanda sana mgonjwa atakuwa njiani. Wengi walitikisa vichwa kukubali. Hata Kasiani alianza kulainika. Ndipo Loisi akatoka ndani.

"Chuma kilichomlilia ndicho kimbebe?" aliuliza. "Hapana. Sitampandisha mume wangu juu ya kilio chake."

 Kila mmoja pale uani alilihisi neno lile mwilini. Watson alijaribu kusema kwamba huko Kopabelti watu hawaangalii mambo hayo, lakini aliyasema akiangalia viatu vyake. Yeye mwenyewe alikuwa ameshafikiri ni nani atapakia mahindi yake kwenye lori lenye gurudumu la namna ile.

Kasiani akakata shauri. Kefa atafute ringi nyingine kabla jua halijashuka. Asipoipata, wao watambeba ndugu yao kwa machela kesho alfajiri. Hilo la machela lilimfanya kila mtu atazame pembeni. Mtu mwenye kichomi, kwenye baridi ile, akitikiswa juu ya mabega ya watu kutwa nzima: hata aliyelisema alijua kwamba watakachokifikisha Mbozi si mgonjwa.

Kefa na Watson walitoka kwa baiskeli mbili, moja haina breki. Kwenye kambi ya wajenzi wa barabara walionyeshwa ringi yenye matundu matano. Msimamizi aliwaambia tundu moja si kitu, watoboe. Nyuma ya duka la Mhindi palikuwa na ringi ya matundu sita, lakini ilikuwa ya lori kubwa zaidi. Kefa aliipima kwa kamba yake ya mgomba yenye vifundo, kifundo kikaangukia mahali pasipo na kitu. Kwa mshona viatu walikuta tairi limekwisha kuwa makubazi, na ringi yake ilikuwa imeuzwa ng'ambo zamani. Kila walipofika habari ilikuwa imetangulia. Mshona viatu alimsalimia Kefa bila kumpa mkono.

Mwisho waliambiwa waende Mpemba, kwa bibi mmoja aitwaye Sekela. Miaka ya nyuma lori lilimfia mtu mbele ya nyumba yake, na watu wakalibeba kipande kipande.

Walimkuta Bibi Sekela anapika pombe ya ulezi. Chungu chake kikubwa kilikuwa kimekaa juu ya ringi, na moto chini yake. Aliwakaribisha, akamtazama Kefa juu mpaka chini, akamwuliza kwa hamu ya kweli, bila ubaya wowote, kama ndiye yule fundi aliyemwua mtu akiwa hai. Kefa akasema ndiye. Bibi akasema ee, na akawaletea kata ya pombe wanywe kwanza, maana watu ambao habari zao zimekwisha fika mpaka Mpemba hawana haja tena ya kukimbia.

Kuitoa ringi ilibidi pombe ishuke, na pombe haishuki kwa haraka ya mtu mwingine. Waliposhusha chungu na ringi ikapoa, Kefa aliisugua kwa mchanga. Matundu sita. Akaweka kamba yake: kifundo kwa tundu, kifundo kwa tundu, yote yakalingana. Watson alirusha kofia juu.

"Igonge basi twende," alisema.

Kefa akaitundika kwenye mti wa kibanda. Akatoa nyundo. Akainua mkono, na mkono ukabakia pale pale. Mbele ya macho yake alimwona Loisi anapanda mlima na majivu. Aliona pia vijiji vya Mpemba vikisikia, na wanawake wakitupa majembe.

"Nimeitazama," alisema. "Inatosha. Tuichukue."

Watson alimkazia macho. Miaka yote anamfahamu, mtu huyu alikuwa ameshakataa kufunga hata nati ya mtumba bila kuigonga, na mara ngapi wamegombana kwa ajili hiyo. Lakini jua lilikuwa linakwenda, na Watson hakuwa mtu wa kusisitiza kazi. Akaanza kukunjua kamba ya kuifungia kwenye baiskeli.

Bibi Sekela alikuwa amesimama anawatazama. Bila kusema kitu alichukua mchi wake, akaja, akaipiga ringi ubavuni kama mtu anayenunua chungu.

Po.

Akaipiga mahali pengine. Po.

"Hii ina ufa," alisema, kwa sauti ya mtu anayemrudishia mfinyanzi mali yake. "Moto umeila."

Kefa akapiga magoti. Aliimwagia ringi maji, akafuta, akapitisha kucha, na akauona: uzi mwembamba kama unywele, umezunguka matundu matatu. Kwenye mteremko, lori likiwa na watu, ungefunguka kama ganda la karanga. Alikaa kwenye majivu ya jiko la watu, uso umemshuka. Jana aligonga na hakumwua mtu. Leo, kwa kuogopa kugonga, alikuwa ameshamweka Ezron na mkewe juu ya ringi hii, wanateremka.

Watson alimwuliza sasa wafanye nini.

"Tunarudi," alisema Kefa. "Nakwenda kugonga."

Jua lilikuwa limekaribia miti walipoingia Tunduma. Ringi ya kanisa ilikuwa bado kibandani. Mzee Lwitiko alikuja asubuhi akaitazama kutoka mbali, akaondoka bila kuigusa. Kefa aliibeba begani, nyundo mkononi, akashika njia ya kwa Ezron. Roda alipomwona hakuuliza. Alijifunga khanga kiunoni akatangulia mbele yake.

Kasiani alisimama mlangoni, na watu wake nyuma yake.

"Mpisheni," alisema Roda. "Au nirudishieni vyungu vyangu na vigoda vyangu sasa hivi, huo unga wenu mkaupikie kwenye kofia ya Watson."

Mtu mmoja akacheka kabla hajajizuia. Mzee aliyekalia kigoda cha Kefa akainuka. Kasiani alimtazama mwanamke huyu mfupi mwenye unga kwenye nyusi, akasogea upande.

Ndani palikuwa na giza na harufu ya mizizi. Ezron alikuwa amelala, mikono juu ya kifua, amejipanga mwenyewe. Midomo ilikuwa imekauka ikapasuka. Loisi alikaa miguuni pake na kikombe cha maji ambacho kilikuwa kimejaa vile vile tangu asubuhi. Kefa hakumsalimu mtu. Alipitisha kamba juu ya boriti, akaitundika ringi katikati ya nyumba, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje kwamba jana aliyegonga ni yeye, alikuwa anatafuta ufa, na sasa anagonga tena mbele ya mwenye kengele.

"Wote huambiwa hivyo," Ezron alinong'ona.

Kefa akagonga.

Mlio ulijaa nyumba, ukapita nyasini, ukatoka. Nje waliziba masikio. Loisi aliruka akamshika mkono, kucha zikaingia. Kefa alingoja mlio uishe, huku mkono wake uko ndani ya mikono ya Loisi.

"Mwache," alisema Ezron.

Akaizungusha, akagonga. Akaizungusha, akagonga. Kwenye paji la uso la Ezron kukatokea kunyanzi.

"Kwa nini unaizungusha?"

"Natafuta ufa, Baba Aida. Upande huu ukiwa mzima si lazima na huu uwe mzima."

"Piga tena hapo."

Kefa akapiga tena. Ilikuwa karibu na tundu la kupitishia mdomo wa mpira wa ndani, na pale, kwa sababu ya tundu lenyewe wala si ufa, mlio ulishuka, ukawa mzito, ukafa upesi.

"Jana ilishuka hivyo hivyo," alisema Ezron polepole. "Ilipanda, ikashuka, ikapanda. Nikasema masikio yangu yanaondoka moja moja." Alivuta pumzi fupi fupi. "Kefa. Hapo hapana sauti. Hapo mimi sijapagusa tangu wanipe nyundo. Mtu anayempigia maiti hawezi kupiga hapo, hata akiwa mjinga."

"Hawezi."

"Basi jana hakupigiwa mtu."

"Hakupigiwa mtu, Baba Aida."

Kikohozi kilimshika, kikamkunja, kikamrudisha. Kilipomwachia aligeuza kichwa, akamtazama mkewe kama ndiyo kwanza anamwona.

"Nipe hayo maji," alisema. "Nawe ukanawe uso."

Ringi ilifungwa jua likiwa bado lipo. Kasiani mwenyewe alivua koti akasukuma pampu, na watu wa ng'ambo walioleta mikeka ya msiba waliitandika nyuma ya lori apate kulala mgonjwa. Loisi alisimama akiangalia kila nati inavyoingia. Uso alikuwa ameunawa, lakini maneno hakuwa ameyarudisha, na alipoona ringi imefunikwa na tairi alisema tena kwamba hapendi.

Ezron aliyekuwa amebebwa kwenye mkeka alimsikia. Alisema chuma hiki amekipiga miaka yote nacho hakijamrudishia hata siku moja. Leo kimbebe.

Loisi akapanda. Kefa naye alishika ubao apande, maana gurudumu jipya linataka mtu wa kulitazama njiani. Loisi akasema Kefa abaki.  Kefa akashusha mguu mbele ya watu wote, akampa Watson spana, akamwelekeza asimame akaze nati kila baada ya mteremko. Lori likanguruma, likatoa moshi mweusi, likaondoka.

Kisha ikawa kungoja. Na kungoja kule kulikuwa kubaya kuliko vilio, kwa kuwa kengele yenyewe ilikuwa imekwenda na mgonjwa. Hapakuwa na kitu cha kuwaambia watu lolote. Wageni hawakuondoka. Kisimani bado walimpisha Roda. Mtu mmoja alisema, bila kushusha sauti, kwamba sasa Ezron akifa njiani fundi ahame, wala asingoje kufukuzwa. Kefa alikaa kibandani akisafisha vyuma vilivyokwisha kuwa safi.

Lori lilionekana kesho yake mchana, likishuka kutoka Mpemba na vumbi lake. Tunduma yote ikatoka barabarani. Lilisimama. Nyuma palikuwa patupu. Mikeka ilikuwa imekunjwa. Mlango wa mbele ukafunguka, akashuka Loisi, peke yake.

Wanawake waliweka mikono vichwani. Midomo ikafunguka. Lakini hakuna aliyelia. Walikuwa wameungua mara moja, na kila mmoja alimngoja mwenzake aanze.  Roda alimshika Kefa kwenye kiwiko, akamshika kwa nguvu, kama mtu anayeshika mlango usifunguliwe.

"Mbona mnanitazama hivyo?" aliuliza Loisi.

Watu wakaitazama mikeka iliyokunjwa.

"Amelazwa," alisema. "Wamemchoma sindano. Amekunywa uji, akasema hauna chumvi ya kutosha, wakamwongeza. Mimi nimefuata blanketi na mtoto wetu Aida." Akayazungusha macho mpaka yakampata Kefa. "Kuna jambo ameniagiza. Amesema Jumapili, hata iweje, asipige Kefa."

Kwanza walicheka wachache, kwa woga. Kisha kicheko kikashika watu, kikawa kikubwa, na mwanamke mmoja aliyekuwa amejizuia kulia kwa shida akajikuta analia na kucheka pamoja. Kasiani alimpa Kefa mkono, akaushika kwa mikono miwili, akasema mukwai, mukwai, na safari hii hapakuwa na kitu nyuma yake. Watson alikuwa ameshaanza kuwaeleza watu jinsi alivyokaza nati.

Roda hakubaki barabarani. Alirudi jikoni kwake akasonga ugali, kwa kuwa moto ulikuwa umekwisha waka na mtu hawezi kucheka siku nzima. Alikuwa anapakua alipohisi mtu amesimama nje ya mlango. Loisi. Blanketi lilikuwa kwapani, na vumbi la njia lilikuwa limemfanya kijivu tena.

"Nilisema mumeo ameniulia mume," alisema Loisi.

"Ulisema."

"Mbele za watu."

"Na mimi nilikuwepo, Mama Aida."

Loisi alitazama chini. Aliongea kwa sauti ndogo, hata Roda akalazimika kuacha mwiko ili amsikie. "Kengele ilipigwa na mumeo. Lakini aliyeingia na majivu ni mimi. Alikuwa ananitazama, Roda. Mume wangu yuko hai, ananitazama, nami namlilia."

Roda alijipangusa mikono. Alikuwa na maneno mengi, ya kisimani na ya uani, na baadhi yake alikuwa ameyanoa tangu juzi. Alimtazama mwenzake mguu hadi kichwa, akaona namna alivyouegemea mlango ili asianguke.

"Umekula lini?"

"Sijui."

"Weka hilo blanketi chini," alisema Roda, akamsogezea maji ya kunawa. "Ingia ule."